Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama, Mwanza

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za mwaka uliopita. Mapato na matumizi yatasomwa na Mhazini, nami sitayagusa isipokuwa kusema kwamba ada zinazocheleweshwa bado zinatukwamisha. Muda niliopewa nitautumia kuzungumzia jambo lililowaleta wengi wetu katika chama hiki, yaani kupata ushauri kwa wenzetu wanaojenga, wanaokarabati na wanaolima bustani katika viwanja vya nyumbani, na hasa namna ushauri huo unavyotolewa.

Washauri hawapungui kwetu. Anayeuliza asubuhi kwa nini ukuta wake una nyufa, hadi jioni amekwisha kupata majibu ya kutosha kumchanganya, na kila jibu limetoka kwa mtu aliyelifanyia kazi kweli nyumbani kwake. Ugumu unatokana na ardhi tuliyokalia. Kwa safari fupi ya daladala mtu hutoka kwenye miamba na udongo wa kichanga wa vilimani, ambao Wasukuma huuita luseni, akaingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, ambao ni mbuga. Linalofaa pale huweza kuharibu hapa.

Mfano mmoja ulitupa kazi kubwa. Mwanachama ambaye msingi wa nyumba yake umekalia mwamba alimshauri mwenzake, aliyenunua kiwanja cha mbuga, asipoteze fedha kwa kuchimba sana. Kuhusu nyumba yake mwenyewe alisema kweli tupu. Hata hivyo, udongo wa mbuga hunyonya maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha husinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi mfupi uliojengwa juu yake hupanda na kushuka pamoja nao hadi kuta zinapoanza kuachana kwenye pembe za milango na madirisha. Kwa bahati njema wanachama wengine walifika kiwanjani kabla mawe hayajamwagwa. Walishauri msingi ushuke hadi kwenye udongo mgumu, ufungwe kwa mkanda wa zege wenye nondo, maji ya paa yaelekezwe mbali, na mti mkubwa uliokusudiwa kuleta kivuli usipandwe karibu na ukuta, kwa kuwa mizizi yake hukausha udongo upande mmoja.

Baada ya hapo kamati iliamua kwamba anayeuliza aeleze kwanza aina ya udongo wake, mteremko, chanzo cha maji na alichokwisha kujaribu, na anayejibu aeleze alilifanya wapi jambo hilo na limedumu misimu mingapi. Wapo walioona kwamba utaratibu huu unaleta urasimu katika mazungumzo ya ndugu. Kwa maoni yangu, swali lililoulizwa vizuri limetupunguzia mabishano kuliko onyo lolote la mwenyekiti.

Katika uvunaji wa maji ya mvua, futi kamba ndiyo iliyomaliza ubishi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Hivyo nyumba yenye paa la mita za mraba 80 ikipata mvua ya milimita 25 hupokea lita 2,000, na hata tukiondoa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayomwagika na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi la bati, hubaki lita 1,600. Mwenye simtanki la lita 500 na gata upande mmoja tu wa paa hana sababu ya kulalamika kwamba mvua za vuli hazitoshi kumwagilia mchicha.

Wanachama wa Luchelele na Igombe walileta maswali ya ukingoni mwa ziwa. Magugu maji hutoa mboji nzuri, lakini mbegu zake hukaa hai kwa miaka mingi na kipande kibichi kikirudi majini huota upya. Kwa hiyo yakaushwe mbali na maji, na yachukuliwe kabla hayajatoa maua, tena mbali na mifereji ya maji machafu. Anayeyavuna avae mabuti marefu na glavu, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho hupenda kukaa humo humo. Kuhusu wanaotaka kujenga karibu na maji, chama hakina ushauri mwingine zaidi ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, lilitukumbusha wenyewe umuhimu wa kipimo hicho.

Kwa upande wa nyanya, kantangaze, mdudu ambaye mabuu yake hutoboa majani na matunda na aliyeingia nchini karibu mwaka 2014, bado anatusumbua. Ushauri wa kung'oa majani yenye mabuu, kutega madume kwa mitego ya feromoni, yaani yenye harufu ya jike, na kubadilisha aina ya dawa umesaidia. Ninaloliomba ni kuacha kupimiana dawa kwa vifuniko vya chupa. Mshauri aje na kibandiko cha dawa yenyewe, chenye kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Yapo pia mambo ambayo hatutashauriana kabisa. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na ukuta mrefu wa kuzuia udongo kwenye mteremko upitiwe na mhandisi, hata kama jirani amejenga wake bila matundu ya kutolea maji na bado umesimama.

Vifaa vya kuazima vinatumika vizuri, ingawa toroli letu limezunguka Buhongwa, Nyakato na Kiseke kama daladala isiyo na kituo cha mwisho. Aliye nalo sasa anaombwa alifikishe kwa Katibu.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta hoja moja tu. Tunapendekeza kila ushauri uliofuatwa uandikwe katika daftari la chama, na aliyeutoa arudi kuona matokeo baada ya masika moja kupita, uwe umefaulu au umeshindikana, kisha matokeo hayo yasomwe mbele ya wanachama bila kutaja jina la mwenye nyumba. Nauli ya ziara hizo itatoka katika fungu la mafunzo, ambalo Mhazini ataeleza limebaki na kiasi gani.

Ndugu wanachama, naomba kutoa hoja.