Kitambaa kimechujuka? Kosa huanza kabla ya sufuria ya rangi

Wateja hutuletea foronya na vitambaa vya meza walivyovitia rangi nyumbani kwa manjano ya jikoni (bizari). Vilitoka sufuriani vikiwaka, vikafuliwa mara mbili, vikabaki na njano ya kuparara. Lawama hubebeshwa manjano, na kwa kiasi ni kweli, lakini aghalabu kitambaa chenyewe hakikuandaliwa.

Kwanza chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, hiyo ni polista, na hakuna kitu cha jikoni kitakachoikolea. Usiamini neno la muuzaji, amini kibiriti.

Hesabu zetu ni za nusu kilo ya kitambaa kikavu cha pamba, marekani au bafta. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani pamoja na nta ya pamba yenyewe. Kichemshe saa nzima kwa sabuni na vijiko viwili vikubwa vya magadi, hadi maji yageuke rangi ya chai. Suuza sana, kwani mabaki ya magadi huyageuza manjano kuwa mekundu.

Chemsha gramu 50 za majani ya chai, chuja, kisha kitambaa kilale humo usiku kucha. Siku ya pili kikamue na ukitie kwenye maji ya moto yaliyoyeyushiwa gramu 75 za shabu iliyotwangwa. Kikae saa moja hadi mbili. Hatua hizi mbili ndizo watu wanazoziruka. Pamba peke yake haishiki shabu vizuri kama hariri, ila tanini, yaani ule ukakasi wa chai, hushika uzi, shabu ikashika tanini, na rangi ikashika shabu. Chai itatia ukahawia kidogo. Anayetaka njano safi atumie maganda ya komamanga badala yake.

Rangi tunayoipendekeza ni ya maganda makavu ya vitunguu maji. Unahitaji gramu 250, yaani mfuko mkubwa uliojaa, na wauzaji wa masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe hapa Unguja huyatupa. Chemsha saa moja, uchuje, kisha utie kitambaa kikiwa kimelowa. Moto uwe mdogo, maji yasitokote, kwa saa nyingine, halafu kipoe humo humo. Utapata dhahabu inayoelekea rangi ya machungwa. Kikitoka na mabaka, sufuria ilikuwa ndogo au kitambaa kiliingia kikavu: lita 15 ndizo zinazokipa nafasi ya kugeuka.

Manjano ni gramu 50, dakika 40. Hupendeza, lakini jua huyala upesi hata ukitia shabu, kwa hiyo yasiwe ya pazia. Sabuni ikiyafanya mekundu, maji ya ndimu huyarudisha. Biti haidumu kitambaani, tuiache kwenye saladi.

Maji pia yana neno. Visima vingi vya Unguja vinapita kwenye mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hubadilisha rangi. Maji ya mvua ni bora.

Sufuria ya shabu isirudi kupikiwa chakula. Kitambaa kianikwe kivulini, na kifuliwe peke yake kwa sabuni isiyo kali.

Asiyetaka kazi hii atuletee kitambaa: tunapokea pamba na hariri tu, na tunatoza kwa uzito wa kitambaa kikavu. Kilichokwisha kutiwa manjano tunaweza kukipitishia maganda ya vitunguu, ila mabaka ya zamani huenda yakaonekana.