Barua kwa ba mdogo: nimefika Würzburg, nimeiona ile picha

Shikamoo ba mdogo,

Najua hii utasomewa na wadogo zangu kwenye simu maana macho yako siku hizi hayataki herufi ndogo, basi wakusomee polepole, na wakifika pale kwenye habari za eksirei warudie mara mbili.

Nimetoka Würzburg. Ni mji wa Ujerumani uko kando ya mto unaitwa Main, ukipanda treni ya haraka kutoka Frankfurt ni saa moja na kidogo tu umeshafika. Nimekaa siku mbili, ruhusa ya kazini iliishia hapo. Jina la mji huu we ndo ulinitajia mara ya kwanza, nikiwa bado shule ya msingi, ukanambia Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, na toka siku ile nimekuwa nikiuwaza. Sio mkubwa ba mdogo, watu kama laki moja na thelathini hivi, Mwanza yetu imeuacha mbali sana.

Siku ya kwanza nilienda kwenye kasri lao linaitwa Residenz, walianza kulijenga 1720, enzi hizo maaskofu wa huku ndo walikuwa watawala wa mji. Ukipanda ngazi zile pana unainua shingo, dari lote ni mchoro, mita kama 30 kwa 18 na hamna nguzo hata moja inayolishika katikati. Alichora Mtaliano, Tiepolo, 1752 na 1753, akaweka mabara manne. Nilitafuta Afrika kwanza, we mwenyewe ungefanya hivyo. Ni mwanamke amekaa juu ya ngamia, pembeni wafanyabiashara, lakini mtu wa ziwani hayupo, mvuvi hayupo, na Ulaya ndo kawekwa kwenye kiti cha enzi. Mchoraji mwenyewe Afrika hakuwahi kukanyaga. Nilisimama pale muda mrefu, ni kazi nzuri mno, siwezi kusema uongo, ila iliniuma pia.

Na dari hilo lilikaribia kupotea. Tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza zilipiga mji huu kwa dakika kama ishirini, watu kama 5,000 wakafa, mji wa zamani karibu wote ukateketea. Paa la kasri liliungua lakini dari lenyewe la mawe likashika. Kwa hiyo nyumba nyingi unazoziona zinaonekana za kale, kumbe zimejengwa upya baada ya vita.

Jioni nikakaa kwenye daraja la zamani la mawe, lina sanamu za watakatifu huku na huku, watu wamesimama na glasi za mvinyo wanaongea tu. Mvinyo wanalima wenyewe, mizabibu imejaa kwenye miteremko. Juu kilimani kuna ngome ya Marienberg, popote ulipo mjini unaiona, nikakumbuka hospitali ya Bugando ilivyo juu ya kilima inavyotuangalia sisi kule Mwanza. Chini karibu na daraja kuna lango la maji la kupandisha na kushusha meli za mizigo, meli inaingia, wanafunga, maji yanajaa taratibu, inatoka upande wa pili. Nilitazama mbili zikipita.

Sasa siku ya pili. Ba mdogo, ile kazi uliyoifanya maisha yako yote, ya kupiga eksirei, imezaliwa hapa. Nilikuwa nalijua jina la Röntgen, yule aliyegundua eksirei, kwa kusikia tu, sikujua ni hapa hapa kwenye mji rafiki wa Mwanza. Alikuwa profesa wa fizikia chuo kikuu cha hapa, na jioni ya tarehe 8 Novemba 1895 alikuwa maabara na mrija wake wa kioo kaufunika kwa karatasi nzito nyeusi, chumba giza, afu akaona kipande kilichopakwa dawa pembeni kinang'aa chenyewe. Akajua kuna kitu kimepenya ile karatasi. Hakukijua ni nini, ndo maana akakiita X, ile X uliyokuwa unaiandika kwenye madaftari yako miaka yote. Wiki karibu saba alijifungia na kitu hicho, alikuwa anaishi ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo. Hati miliki hakuchukua, alitaka kila mtu aitumie, na tuzo ya Nobeli ya kwanza kabisa ya fizikia alipewa yeye 1901, hela zake akakiachia chuo. Nikafikiria kifua cha bibi kilivyopigwa picha bure ile mwaka alipokuwa anakohoa, wewe ukiwa kwenye zamu.

Maabara wameitunza, unaingia unaona mirija na mitambo ya wakati ule. Nilisimama pale nakusikia wewe kabisa, vuta pumzi, zuia, usitikisike, haya pumua. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la korido nakusubiri utoke tuondoke na baiskeli, nayasikia hayo maneno nyuma ya mlango, kila mgonjwa yale yale, na hukuwahi kumkaripia mtu hata siku moja, hata wale wazee waliokuwa wanaogopa mashine.

Afu nikaiona ile picha. Ni mkono wa mkewe, Anna Bertha, alipigwa tarehe 22 Desemba 1895. Mifupa ya vidole inaonekana yote, na kwenye kidole kimoja kuna duara jeusi nene. Pete. Wewe kila aliyeingia ulimwambia vua pete, vua cheni, vua hereni weka kwenye kisahani, mama alikuwa anasema hata kwenye harusi unaangalia watu mikono kwanza. Na picha ya kwanza kabisa ya eksirei ya mkono wa mtu ina pete ndani yake, hakuna aliyekuwepo wa kumwambia avue.

Nimeipiga kwa simu. Nimemtumia mdogo wangu aipeleke studio pale mjini waitoe kubwa, karatasi nzuri, nimeshalipa. Akikuletea ishike kwenye mwanga wa dirisha kama ulivyokuwa unashika filamu zako, afu unipigie uniambie unaona nini.