Miaka ya watawa ihesabiwe vizuri

Mhariri,

Akitajwa sista mkongwe, watu wengi huhitimisha papo hapo kwamba utawa hurefusha maisha. Mifano ipo: Sista André wa Toulon, Ufaransa, alifariki Januari 2023 akiwa na miaka 118, na Sista Inah Canabarro Lucas wa Brazili akafariki Aprili 2025 akiwa na miaka 116. Wote wawili wanastahili heshima, lakini watu wawili hawathibitishi chochote. Zipo hesabu zilizofanywa kwa maelfu ya watawa, nazo zina habari nyingine, tena inayowahusu zaidi wanaume walio nje ya monasteri.

Mtaalamu wa demografia, yaani takwimu za watu, Marc Luy alikusanya kumbukumbu za watawa zaidi ya 11,000 wa Bavaria, Ujerumani, za tangu 1890 hadi 1995, akachapisha matokeo mwaka 2003. Swali lake lilikuwa: wanawake huishi zaidi kuliko wanaume kwa sababu ya maumbile, au kwa sababu ya namna wanavyoishi? Watawa wanafaa kwa swali hilo kwa kuwa mabruda na masista huamka kwa kengele, hula kwa saa maalumu, hawana mishahara yao binafsi wala watoto wa kulea. Kama pengo linatoka mwilini, lazima lionekane hata ndani ya kuta hizo.

Lilionekana, lakini dogo sana. Kwa watu waliofikia miaka 25, masista waliwazidi wamonaki, yaani watawa wa kiume, kwa takriban mwaka 1 tu, ilhali katika Ujerumani ya kawaida pengo lilipanuka baada ya Vita Kuu ya Pili hadi kukaribia miaka 6. Sasa tazama ni nani aliyesogea. Masista waliishi karibu sawa na wanawake wengine wa Ujerumani. Wamonaki ndio waliowazidi wanaume wenzao wa nje, kwa miaka 4 na zaidi. Kwa hiyo miaka mingi ambayo mwanamume anaipoteza haikuandikwa kwenye damu yake. Inachukuliwa na sigara, pombe, kazi za hatari na tabia ya kwenda hospitali ugonjwa ukiwa umeshaota mizizi. Monasterini, ndugu asipotokea kwenye sala ya asubuhi, kuna mtu atakayegonga mlango wake kabla ya chai.

Wala konventi, yaani nyumba za masista, hazikuwa daima mahali pa kuzeekea. Mwaka 1889 daktari Georg Cornet alichapisha uchunguzi wa masista wauguzi wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya vifo vyao vilitokana na kifua kikuu. Walikuwa wauguzi waliokaa karibu na wagonjwa. Sala ilikuwa ile ile, na ratiba pia. Kilichowaua ni bakteria.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo utulivu unaonekana kulifanya kweli. Huko Umbria, Italia, Mario Timio na wenzake waliwafuatilia masista 144 wa ndani, yaani wasiotoka monasterini, na wanawake 138 wa kawaida kwa miaka 30. Shinikizo la damu la wanawake wa nje lilipanda kadiri umri ulivyosogea, la masista halikupanda. Chumvi waliyokula ilikuwa karibu sawa, uzito pia. Matokeo hayo yanasisimua, ila tusiyavute hadi pasipofika: ni kundi dogo, na hakuna aliyepanga kwa kura nani awe sista.

Saratani ya matiti inaelekea upande mwingine. Bernardino Ramazzini aliona tangu mwaka 1713 kwamba masista wa Italia huugua zaidi ugonjwa huo, na leo inajulikana kwamba kutozaa na kutonyonyesha huongeza hatari. Wakuu wa mashirika ya kitawa wasisubiri uvimbe uonekane ndipo wawapeleke masista kupimwa.

Kinachonisukuma kuandika hasa ni hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kosa la kwanza ni kuchukua umri wa waliofariki na kutafuta wastani wake. Chukua shirika changa la masista 200, wengi chini ya miaka 40. Mwaka mmoja wanafariki wawili, mmoja ana miaka 38 kwa ajali, mwingine 60. Wastani ni 49, nao hausemi lolote kuhusu wale 198 walio hai. Shirika la Ulaya lisilopata mnovisi, yaani mwanafunzi wa utawa, kwa miaka 40 litatoa wastani wa juu sana, kwa sababu waliobaki wa kufa ni wazee peke yao.

Njia sahihi inahitaji tarehe nne kwa kila mtu: kuzaliwa, kuingia, kutoka na kufariki. Aliyeingia akiwa na miaka 22 aanze kuhesabiwa hapo, maana kabla ya hapo asingeweza kufa akiwa sista. Aliyetoka akiwa na 35 achangie miaka yake 13, kisha aondolewe. Kwa kila rika, idadi ya vifo igawanywe kwa jumla ya miaka waliyoishi wote katika rika hilo. Matokeo yalinganishwe na wanawake wa nchi hiyo hiyo kuanzia umri ule ule. Ukilinganisha na umri wa kuishi tangu kuzaliwa, unawaingiza watoto waliokufa wachanga, na watawa watashinda hata kama hawana nafuu yoyote. Tena anayeomba kuingia utawani hupimwa afya kabla ya kupokelewa. Ni busara kuiacha miaka 5 ya mwanzo na kuona kama tofauti inabaki.

Kazi hii inawezekana Tanzania. Abasia, yaani monasteri kubwa, za Peramiho na Ndanda zilianzishwa kama misheni, mwaka 1898 na 1906, na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, wa Bavaria hiyo hiyo, na ni desturi ya Wabenediktini kuandika nekrolojia, yaani kitabu cha marehemu wa nyumba. Nekrolojia hutunza vifo. Tarehe ya aliyetoka haimo humo, nayo itabidi itafutwe kwenye majalada ya unovisi na nadhiri. Naomba makatibu wa mashirika waiandike kuanzia sasa, hata kwa penseli, pembeni ya jina.

Msomaji wako,
Songea