Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya Jumamosi, mafunzo kwa vijana wa maabara, mjadala wa PINK1 na Parkin, zile protini zinazoitia alama mitokondria mbovu (mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli) ili seli iiondoe. Sirudii.

Nizungumzie galaktosi, sukari tunayolishia seli zetu za maabara badala ya glukosi, maana manung'uniko yamezidi. Uamuzi wa kuacha lishe yenye glukosi ya milimola 25 ulipitishwa na kamati, ila pendekezo lilikuwa langu na bado nalisimamia. SH-SY5Y, seli tunazokuza, ni seli za saratani ya neva. Zikipewa sukari yote ile hupata nishati kwa glaikolisisi, yaani kuvunja glukosi bila kuhitaji mitokondria. Mitokondria hata ikiwa na kasoro, seli zinanawiri, nanyi mnaandika "hakuna tofauti". Galaktosi ya milimola 10 huingia kwenye njia hiyo polepole mno, kwa hiyo seli hulazimika kutegemea mitokondria, na kasoro hujitokeza.

Mnasema hata seli zisizo na kasoro zilikufa. Zilikufa kwa haraka zenu! Maelekezo yalikuwa kupunguza glukosi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Wengine walibadili lishe yote kwa mkupuo. Wengine walitia seramu (majimaji ya damu yanayoongezwa kwenye lishe ya seli) ya kawaida, ambayo ina glukosi yake, majibu yakavurugika. Seramu iliyoondolewa sukari ni ghali, hilo nakubali, na ndiyo iliyomeza fedha ya semina.

Lakini tunachochunguza ni MFN2, protini inayounganisha mitokondria na kusaidia usafirishaji wake ndani ya aksoni, ule uzi mrefu wa seli ya neva. Jeni yake ikiharibika huleta Charcot-Marie-Tooth aina ya 2A, ugonjwa wa kurithi wa neva, na miguu ndiyo hutangulia kudhoofika, kwa kuwa aksoni zake ndizo ndefu kuliko zote, kama mita moja kutoka uti wa mgongo. Kasoro ya namna hiyo hamtaiona kwenye seli iliyoshiba glukosi.

Mahudhurio yanasikitisha. Vikao viwili vilikosa akidi. Foleni ya Morogoro Road haikuanza mwaka huu, na mwendokasi upo. Wanachama 46, waliolipa ada ni 19. Tunadai shilingi 1,620,000. Wanaolalamikia bei ya seramu, wengi wao wamo katika wale 27 wasiolipa.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaangalia uwezekano wa kupata darubini ya kufuatilia mitokondria zikitembea. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi; anapokea pia kwa simu.

Mwenyekiti
Dar es Salaam