Hiyo ardhi ya chuo haijakaa bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu, na kama barua itakuwa ndefu punguzeni mnavyoona ila ile habari ya magari msiitoe tafadhali.

Juzi hapa Mbezi nilikuwa kwa kinyozi, ikaanza stori ya viwanja kama kawaida yetu, jamaa mmoja akasema vyuo vya kilimo vimekalia mapori, maekari kwa maekari, nusu nyasi nusu mahindi ya njano yamedumaa, si wapime tu wauze viwanja watu tujenge. Wote wakaitikia, hata kinyozi mwenyewe. Mi nilikuwa chini ya mashine hata kichwa siwezi kugeuza, nikanyamaza, ila lile neno nikaenda nalo nyumbani na usiku likawa bado linanizungukia.

Mimi nauza pembejeo, kaduka kadogo tu, na zamani nilisoma stashahada ya kilimo kwenye chuo ambacho sitakitaja. Kwa hiyo kidogo najua.

Tuanze na hayo mahindi ya njano. Ukitaka kujua mbolea inasaidia kiasi gani lazima uwe na ploti ambayo hujaiwekea kitu kabisa, sisi tulikuwa tunaiita kontroli, na hiyo ndo inayodumaa na kila mpita njia anacheka anasema hawa wasomi kulima hawajui. Halafu huwezi kuweka ploti moja moja, maana udongo haulingani, huku kuna kichuguu kule maji yanatuama, kwa hiyo kila kitu unarudia mara tatu au nne na nafasi zake zinachaguliwa kwa bahati nasibu, sio mbolea uipendayo unaipa upande wenye rutuba. Pembeni unaweka mistari ambayo huipimi, ipo kukinga tu. Na hizo nyasi alizoziona jamaa, basi ajue chavua ya mahindi inapeperuka na upepo, shamba la mbegu linatakiwa likae mita 200 au zaidi kutoka kwenye mahindi mengine, la sivyo unavuna mchanganyiko halafu mkulima anakuja dukani kwangu kunigombeza mimi. Pale palipo patupu ndo ukuta wenyewe.

Sasa magari. Mwaka wangu wa pili tulikuwa kikundi cha watu 8, tunahudumia ploti 16 za mahindi, jaribio la supavaiza wetu, msimu wa tatu huo. Mahafali yakafika Novemba, mahindi ya vuli yanagusa magoti, mtu wa utawala akatafuta mahali pa kuegesha magari ya wageni akaona pale pako tambarare vizuri. Asubuhi tunafika tunakuta vigingi vyote vimeng'olewa na kupangwa pembeni kwa ustaarabu kabisa, vimefungwa na kamba, na juu ya kontroli yetu imekaa Land Cruiser. Supavaiza alikaa juu ya tofali hakusema neno. Sisi tulipewa maksi za huruma tukamaliza, ila yule mzee misimu yake mitatu ikawa imekatika, huwezi kuruka msimu halafu ukaendelea kama hakijatokea kitu.

Na kinachoniuma mpaka leo, ukitafuta mkosaji humpati. Utawala hawakuwa na ramani inayoonyesha pale pana jaribio. Shamba lote lilikuwa kichwani mwa msimamizi mmoja, alipostaafu akaondoka nalo, daftari tulilokuwa tunaandikia lilikuwa moja tu na nilikuja kulikuta stoo panya wameshalila.

Marekani, chuo kikuu cha Illinois wana ploti za mahindi zinaitwa Morrow, zilianza 1876, zipo katikati ya chuo kabisa. Miaka ya 1960 walipotaka kujenga maktaba mpya jirani yake wakaona jengo refu litawawekea mahindi kivuli, basi maktaba ikajengwa chini ya ardhi, ikamalizika 1969! Maktaba nzima imeenda shimoni kwa ajili ya mahindi. Na sio kwamba wao ni malaika, mwanzo ploti zilikuwa 10 leo zimebaki 3, ila kwenye hizo 3 kuna mahali mahindi yanapandwa kila mwaka tangu wakati huo, na ndo pameonyesha watu kwa macho jinsi udongo unavyochoka ukipanda kitu kilekile bila kuurudishia chochote. Jambo hilo huwezi kulijua kwa utafiti wa miaka miwili ya mradi wa mfadhili.

Nyingine naipenda zaidi. Chuo kikuu cha Missouri wana shamba la majaribio linaitwa Sanborn, la 1888. Miaka ya 1940 ulichukuliwa udongo kwenye ploti namba 23, iliyokuwa na nyasi tu, miaka yote haijapewa mbolea, na ndani ya ule udongo wakapata kidudu kilichotoa Aureomycin, dawa ya kwanza ya ukoo wa tetrasaiklini, zile dawa za kuua bakteria. Ile OTC, yaani oksitetrasaiklini, mnayonunua kwangu kuwapa kuku ni ndugu yake. Nyasi zisizo na mbolea jamani, jamaa wa kinyozi angeshapima viwanja.

Hapa kwetu je? Chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA) kule Morogoro, ambacho kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiki cha Mlimani, kabla hakijajitegemea 1984, kimetoa maharage ya SUA 90, Rojo, Pesa, na maharage hayazaliwi ofisini, unachavusha, unapanda, unachagua, unapanda tena, vizazi sita saba ndo mbegu inatulia. Kuna na eneo la mabomu yaliyozimwa ambapo panya buku wanafundishwa kuyanusa. Ukipita hapo utauliza wamelima nini!

Sisemi vyuo havina makosa, makosa yapo tena makubwa. Kwa ninavyoona mimi shamba la chuo ni mashamba matatu. Kuna la utafiti, hilo lisiguswe. Kuna la mwanafunzi, na hilo ni la kukosea, aweke urea nyingi aunguze mahindi aone mwenyewe, maana akikosea hapo hatakuja kukosea kwa mkulima. Na la tatu la kuzalisha, lilete hela. Shida inaanza bosi akisema shamba lilete hela bila kutenganisha, basi ploti ya mwanafunzi inageuka nyanya za kupeleka sokoni na mwanafunzi mwenyewe anageuka kibarua, fildi nzima anapalilia, hajawahi hata kupima bomba la dawa litoe kiasi sahihi. Na hela yenyewe pale kwetu ilikuwa inaenda akaunti kubwa hairudi, trekta limesimama kwa ajili ya tairi moja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ramani moja, rangi tatu, ibandikwe ofisi ya utawala na wala sio kwa msimamizi peke yake. Kila jaribio liwe na kibao, lilianza lini na linatafuta nini, hata mpita njia asome. Daftari liwe na nakala. Hela ya nyanya irudi kwenye nyanya. Na kama kipande kinatolewa kwa biashara kitolewe kwa kikao na maandishi, sio kwa kung'oa vigingi alfajiri, biashara sizikatai, Mlimani City imesimama kwenye ardhi ya chuo kikuu na mimi mwenyewe nanunua pale.

Yule jamaa kama anasoma gazeti hili, treni ya SGR mpaka Moro ni chini ya saa mbili, nauli nalipa mimi, Jumamosi yoyote twende nikamwonyeshe kontroli. Aje na viatu vya matope.

Msomaji wenu,
Muuza pembejeo, Mbezi, Dar es Salaam