Malalamiko kuhusu spesa za rimu na springi za kushusha gari nilizouziwa kwa ajili ya Toyota GT86

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Mauzo,

Kwa heshima, ninakuandikia kulalamikia seti ya spesa (sahani zinazowekwa kati ya rimu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ili tairi lisogee nje) na springi ambayo duka lenu la hapa mjini liliniuzia, na ambayo baada ya kufungwa imeonekana wazi kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya gari langu. Ninaomba nirudishiwe fedha zangu pamoja na gharama za ufundi. Ninaomba pia muache kuiuza seti hiyo kama kipuri cha GT86, kwa sababu kasoro ninazozieleza hapa zinaweza kung'oa tairi gari likiwa mwendoni.

Kabla ya kununua nilimwandikia mhudumu wenu kila alichohitaji kujua: kwamba gari lina rimu zake za kiwandani za inchi 17, upana wa inchi 7, ET 48 (yaani uso wa rimu unaogusa habu uko milimita 48 nje ya katikati ya upana wake), kwamba habu yake ina boliti 5 kwenye duara la milimita 100, na tundu la kati la rimu ni milimita 56.1, kwamba nilitaka kulishusha kwa milimita 20 au 25 tu, maana ninaliendesha kila siku kwenye barabara zetu na si kwenye uwanja wa mashindano. Alinijibu kwamba springi za milimita 30 ndizo zenye kipimo kidogo kuliko zote mlizonazo na zinafaa, na kwamba spesa za milimita 10 huingia bila kubadilisha kitu chochote. Nilimwamini, kwa kuwa kampuni inayojitangaza kuwa bingwa wa magari ya michezo inapaswa kuvijua vipuri vyake kuliko mteja.

Nianze na spesa, maana ndizo zilizonitia hofu zaidi. Kwenye barabara ya Likasi usukani ulianza kutetemeka mara tu gari lilipofika kilomita 80 kwa saa. Nililirudisha polepole kwa fundi wangu wa Kampemba, tukazivua spesa na kuzipima kwa kalipa, tukakuta tundu lao la kati ni milimita 57.1. Tofauti ya milimita moja inaweza kuonekana ndogo, lakini kipimo hicho kinajulikana: ni cha Volkswagen, kwa mfano Golf ya kizazi cha 4, ambayo nayo ina matundu 5 kwenye duara la milimita 100. Hata matundu ya boliti ni mapana mno, kwa sababu Golf hiyo hutumia boliti za milimita 14, ilhali za GT86 ni za milimita 12. Inaelekea mliangalia idadi ya matundu na duara lake, mkaishia hapo.

Tundu la kati si pambo. Ukingo wa habu ndio unaoikalisha rimu katikati, kwa hiyo spesa nzuri hushika habu bila kuacha nafasi, kisha huwa na ukingo wake wa milimita 56.1 upande wa nje ili rimu nayo ipate pa kukaa. Zenu ni bapa, hazina ukingo wowote, na unene wake unameza ukingo wa habu karibu wote, hata rimu inabaki ikitegemea boliti peke yake. Spesa zilipoondolewa, rimu na matairi yakiwa yaleyale, mtetemo ulitoweka kabisa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Uzi wa boliti za GT86 una hatua ya milimita 1.25 (umbali ambao nati husogea kwa mzunguko mmoja), na kwa hiyo spesa ya milimita 10 inakula mizunguko 8 ya nati. Mafundi makini hutaka nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe, yaani kwa boliti ya milimita 12 ni mizunguko 9 na nusu hivi. Tulipohesabu wakati wa kufungua, nati zangu zilikuwa zimeshika mizunguko 5 tu. Kuzikaza kwa spana ya kupimia hadi Nm 120 (kipimo cha nguvu ya kukazia) hakuwezi kuongeza uzi usiokuwepo. Unene huo unadai boliti ndefu zaidi kwenye habu. La sivyo, mteja ashauriwe kuchukua ile aina inayofungwa kwanza kwenye habu kwa nati zake na kubeba boliti zake yenyewe, ambayo kwa kawaida huanzia milimita 15 au 20. Mhudumu wenu hakutaja lolote kati ya haya, wala ndani ya boksi hamna karatasi ya onyo. Barabara ile hupitiwa na malori ya shaba usiku na mchana, na ninyi mnalijua hilo kama mimi.

Springi nazo hazikulingana na maelezo. Boksi limeandikwa milimita 30. Nilipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kabla na baada ya kazi, gari likiwa mahali palepale: nyuma lilishuka milimita 33, jambo ninaloweza kulikubali, lakini mbele lilishuka milimita 52. Gari likiinuliwa kwa jeki, tairi la mbele likining'inia, springi inaachia kikalio chake na unaweza kuizungusha kwa vidole. Springi inapaswa kubaki imebanwa hata shokomzoba ikinyooka hadi mwisho wake. Hizi ni fupi mno kwa shokomzoba za kiwandani. Kwenye mashimo ya Katuba wakati wa mvua tairi hushuka na kupanda ghafla, na kila mara springi inarudi kwenye kikalio kwa kishindo cha chuma.

Isitoshe, springi fupi huacha nafasi ndogo ya kucheza, kwa hiyo ni lazima iwe ngumu kuliko ya awali, tena raba inayozuia shokomzoba isigonge mwisho nayo huhitaji kufupishwa au kubadilishwa. Ugumu wa springi zenu haukuandikwa popote, na hakuna namba ya kipuri kwenye boksi wala kwenye chuma chenyewe. Sina namna ya kujua kama zile za mbele ziliwahi kukusudiwa kwa gari hili. Kuhusu paralelizimu, yaani kurekebisha pembe za matairi, sitasema mengi: kila gari likishushwa pembe za matairi hubadilika, na hilo hurekebishwa, ingawa mhudumu wenu alidai halihitajiki.

Nilipokuja dukani niliambiwa kwamba kosa ni la fundi, kwa kuwa watu wengi wamefunga seti hiyo na hakuna aliyelalamika. Sikubaliani na jibu hilo. Fundi hawezi kulipunguza tundu lililochongwa kubwa, wala kuirefusha springi. Na kama wengine hawajalalamika, hofu yangu ni juu yao. Vijana wengi wa mji huu hununua spesa ili tairi lisogee nje na kulingana na bodi, na ni haki yao kupenda gari lipendeze. ET 48 ikigeuka kuwa ET 38, GT86 kweli hupendeza. Wanastahili kuuziwa kitu kinachopendeza na kushika.

Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado inatumika nchini mwetu, inamtaka muuzaji adhamini anachokiuza dhidi ya kasoro zilizofichika. Kwa msingi huo naomba, ndani ya siku 15 tangu kupokea barua hii, mnirudishie bei yote iliyoandikwa kwenye faktua pamoja na malipo ya kufunga na kufungua, na muwaarifu wateja wengine wa GT86 mliowauzia spesa hizo wazivue kabla ya kusafiri. Sihitaji seti nyingine badala yake, mpaka mtakapoweza kunionyesha kwa maandishi tundu la kati, ugumu wa springi na namba ya kipuri.

Spesa na springi zote ninazo, pamoja na boksi, faktua, maandishi ya mhudumu wenu na picha za vipimo. Niko tayari kuzileta dukani siku yoyote ya kazi, fundi wenu akiwepo, ili azipime mwenyewe.

Wako katika kusubiri jibu,

Mteja wenu, mwenye Toyota GT86