Malalamiko kuhusu filamu yenu ya Popobawa

Wete,
Pemba.

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,

YAH: FILAMU YA POPOBAWA MLIYOIITA KISA CHA KWELI

Assalamu alaykum.

Nakuandikia nikiwa mteja wenu ninayelipia kifurushi kila mwezi, tena nikiwa mwalimu wa skuli na mtu wa Pemba. Ijumaa iliyopita, saa mbili usiku, mlionesha filamu ya kutisha kuhusu Popobawa, yule shetani anayesemekana kuwaingilia watu usiku wakiwa wamelala, filamu mliyosema mmeitengeneza wenyewe kwa ajili ya televisheni. Kabla hata jina la filamu halijatokea, mliandika kwa herufi kubwa kwamba hiki ni kisa cha kweli kilichotokea Pemba mwaka 1995. Mengi ninayolalamikia yanatokana na maandishi hayo. Mngesema ni hadithi ya kubuni, nisingeandika barua hii.

Popobawa wa 1995 hatukumsoma kitabuni. Watu waliokuwa wazima mwaka ule bado wapo, wanakaa baraza kila jioni, na ukiwauliza wanakueleza. Khofu ilianzia kwetu Pemba, ikavuka Unguja, ikafika hadi Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964 na nyoyo tayari zilikuwa juu. Watu waliacha vyumba vyao, wakatoa mikeka nje, wakakoka moto na kukesha pamoja, majirani hata wale waliokuwa hawasemezani. Na lililokuwa zito kuliko yote ni kwamba aliyeingiliwa alitakiwa aseme. Iliaminika kuwa akinyamaza, Popobawa atamrudia. Kwa hiyo wanaume wazima, watu na heshima zao, walisimama mbele za watu wakaeleza lililowafika, jambo ambalo mwaka mwingine wowote mtu angekwenda nalo kaburini.

Nyinyi mmeligeuza hilo juu chini. Binti wa filamu yenu anaficha siri tangu mwanzo hadi mwisho. Kijiji kizima kimejifungia milango, kila mtu na chumba chake, na majirani wanamtenga binti yule mpaka anapotea. Mwandishi wenu angekaa na wazee wawili watatu tu, Chake Chake au Konde au popote, angejua kwamba mambo hayakwenda hivyo. Na tena, nasema hili kama mtu anayependa filamu za kutisha, ile kweli ingetisha zaidi. Fikirini uwanja umejaa watu usiku, moto katikati, kila mmoja anamtazama mwenzake akingoja nani atakayesema leo. Hapo hamhitaji hata kulionesha hilo dubwana lenu la kompyuta lenye jicho moja, ambalo vijana wa mtaani kwetu walilicheka lilipotokea.

Sitaki kuwadhulumu. Nusu saa ya kwanza ilikuwa nzuri, na wengi niliozungumza nao wanakubali. Ile sauti ya kucha juu ya bati, halafu kimya, halafu pumzi ya mtu aliyelala: mke wangu aliondoka sebuleni. Yule mama aliyecheza bibi yake binti ni msanii hasa, na ningependa kumuona tena. Ndiyo maana nimeudhika. Mnajua kazi, ila hamkutaka kuja kuuliza.

Hata macho tu yangewatosha. Kijiji mlichopiga picha kimezungukwa na tambarare ya nyasi kavu na mibuyu. Pemba ni vilima na mabonde, kijani mwaka mzima, na karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka hapa. Katika filamu nzima sikuona mkarafuu hata mmoja. Halafu taa. Kila Popobawa anapokaribia, balbu ya umeme inapepesa chumbani mwa binti, kijijini, mwaka 1995. Vijiji vyetu vingi wakati ule vilikuwa vikitumia vibatari. Umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010. Aliyeishi hapa akiiona balbu ile anajua papo hapo kuwa anadanganywa, na khofu yote inamtoka. Lafudhi za wasanii naziacha, maana nikianza hapo barua haitaisha.

Liko jambo la dini, na hili limewaumiza watu wengi zaidi ya mengine. Mganga wenu anasoma Ayatul Kursiy huku akichinja kuku mweusi juu ya kizingiti, anaikata aya katikati na anakosea matamshi yake. Mwaka ule watu walisoma Kurani misikitini na majumbani, wakasoma na halbadiri, wakitafuta hifadhi ya Mungu. Kuchanganya kisomo kile na damu ya kuku, kisha kukiita kisa cha kweli, ni kuwavunjia heshima waliosoma, na wengine wameshatangulia mbele ya haki.

Na popo wenyewe je? Mmetumia picha za popo wakubwa wa Pemba wakining'inia mitini mchana, na muziki wa kutisha chini yake, kana kwamba wao ndio jeshi la Popobawa. Popo wale hawapatikani porini popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Wanakula matunda na maua, na wanasambaza mbegu za miti yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekaribia kumalizika kwa kuwindwa, na wamerudi kwa sababu wanavijiji, kama wale wa Kidike, walikubali kuwalinda. Tangu filamu ionyeshwe nimeshawakataza wanafunzi wangu kurusha mawe kwenye mwembe wanaotua popo. Watoto wanasema wanamuua Popobawa. Kazi ya miaka mingi ya watu wasio na mishahara mnaiharibu kwa picha ya sekunde chache.

Watoto hao waliiona kwa sababu mliionesha saa mbili, wakati familia zimekaa pamoja, bila onyo lolote la umri. Kuna wanafunzi wanaosinzia darasani kwa kuwa usiku hawalali, na mzazi mmoja ameniambia mwanawe hatoki kwenda chooni peke yake. Mnaweza kudhani haya ni mambo madogo. Mwaka 1995, Unguja, mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliomshuku kuwa ndiye Popobawa. Khofu hii imeshaua. Chombo cha habari kinachoichezea kinapaswa kujua hilo kabla ya kuwasha kamera.

Ninachotaka ni hiki. Yaondoeni maneno "kisa cha kweli" kabla filamu haijarudiwa, na nimeona mmeshaitangaza tena kwa wiki ijayo. Kiondoeni kipande cha Ayatul Kursiy, chote. Filamu ioneshwe baada ya saa nne usiku, ikiwa na onyo la umri. Na kwa sababu mmesema mnatengeneza sehemu ya pili, mleteni mwandishi wenu Pemba kabla hajaandika. Mimi mwenyewe nitampeleka kwa wazee walioyaona, na nina hakika watamkaribisha.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya marudio. Nisipoyapata, barua hii nitaifikisha Tume ya Utangazaji Zanzibar pamoja na saini za wazazi wa shehia yetu, ambao wameshaanza kuniuliza waje kutia saini wapi.

Wenu,

Mteja na mtazamaji,
Mwalimu wa skuli, Wete